Daktari wa Moshi

Mji wa Stenvig ulipata joto lake kutokana na taka. Kila kilichotupwa majumbani kilichomwa katika tanuri kubwa kando ya bandari, maji yakachemka, na mabomba yakayarudisha kwa wenyewe wakati wa baridi kali. Watu waliuonea fahari moto huo. Waliambiwa kwamba wanachochoma ni maganda, karatasi na mbao, vitu vilivyokuwa hai juzi tu. Plastiki, ambayo asili yake ni mafuta ya petroli, haikuzidi theluthi.

Bodil Kragh alitumwa na serikali kuuhakiki ukweli wa maneno hayo. Alikuwa mzaliwa wa hapohapo, mwenye akili kali kama wembe, lakini moyo wake ulikuwa mzito kama nanga. Kaka yake, Asger, aliendesha kreni ya kunyanyulia taka katika kiwanda hicho, na hawakuwa wamesemezana tangu mama yao alipofariki. Bodil aliitwa mapema, mama angali anahema. Akachagua kumaliza kwanza kazi yake ya ng'ambo. Akakosa kumwona, akakosa hata mazishi. Miaka yote ya ugenini, harufu ya mkate mweusi na samaki wa siki ilitosha kumtoa machozi.

Sasa alimwona Asger kila siku nyuma ya kioo cha kreni, mabega yamempanda vilevile kama ya mama. Asger hakugeuza shingo. Bodil alitamani kumwita, ila kiburi kilimzuia. "Yeye ndiye mkubwa," alijiambia. "Na aanze yeye."

Alifunga mfuko kwenye dohani, ukavuta moshi polepole kwa mwezi mzima, kisha akaupeleka maabara. Kaboni ya mti au ya mkate hubeba alama hafifu ambayo hufifia kadiri miaka inavyopita. Kaboni ya mafuta, iliyolala ardhini enzi na enzi, haina tena alama hiyo. Jibu lilipokuja, karibu nusu ya kaboni ya moshi ule ilikuwa ya mafuta.

Meneja Kresten aliangua kicheko. "Daktari wa Moshi! Watu wangu wanakula viazi, hawali plastiki. Hiyo nusu iko wapi? Nionyeshe kwa macho yangu, la sivyo sijengi mtambo wa kuitenga na taka nyingine kabla ya kuchomwa."

Bodil aliomba lori moja limwagwe sakafuni. Uvundo ulipanda, wafanyakazi wakaziba pua.

"Leo kucha zake zitakoma!" mmoja alitania.

Bodil alipiga magoti katika majimaji yale akaanza kuchambua kipande kwa kipande: maganda huku, mbao kule, chupa pembeni. Mgongo ulimuuma kama umepigwa rungu. Mara akasikia viatu vizito nyuma yake.

"Ukienda hivyo utafika Krismasi," alisema Asger. "Sogea."

Walichambua pamoja. Rundo la chupa halikuwa kubwa, na Bodil akaanza kuingiwa na wasiwasi. Ndipo alipovuta zulia lililolowa, akalikata ncha iliyobaki kavu na kuichoma kwa kiberiti. Haikugeuka jivu, iliyeyuka ikadondoka kama nta nyeusi. Akajaribu blanketi, pazia, magauni. Yote nyuzi za mafuta! Nguo ndizo zilizokuwa zimehesabiwa kama pamba.

Asger alimrushia fulana nzito iliyofumwa kwa mkono. "Hii sufu. Iweke na vilivyokuwa hai."

Bodil aliishika, asiiachie. Mafundo yalikuwa ya mkono wa mama mwingine, si wa mama yao aliyewafumia hivyo utotoni, lakini machozi yalimtoka kama maji ya mfereji.

"Kaka, nisamehe," alisema, magoti yangali chini. "Nilijua anakufa. Nikaona kazi haingojei. Nimekukumbuka mpaka nimechoka."

Asger alivua glavu moja, kisha nyingine.

"Mlango ukilia tu, alikuwa akiuliza, 'Bodil huyo?'" alisema. "Mpaka sauti ikamkauka. Ningekwambia, lakini hukuniuliza. Mwaka baada ya mwaka, Bodil, hata kuniuliza!"

"Niliogopa."

"Mimi nilikuwa nangoja." Alijifuta uso kwa kiwiko. "Inuka, utaganda. Jumapili naenda kumpalilia kaburi. Ukitaka, twende."

"Nataka."

Meneja Kresten alipoliona rundo la nguo, mazulia na chupa limekaribia kulingana na rundo la vitu vingine vyote, kicheko kilimwisha; mtambo ukajengwa. Jumapili ile Bodil na Asger waling'oa majani kaburini bega kwa bega, bila maneno mengi. Sauti ya mama iliyomwulizia kila mlango ulipolia hakuipata tena, wala hakuacha kuitamani. Lakini kaka alimpata, na ukweli wa moshi aliupata, vyote viwili akiwa chini, magoti yamelowa. Kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.