Cha Kwenu, kwa Watu Hupimwa

Cha kwenu, kwa watu hupimwa.

Mmemsikia Mjomba Famau akiyasema maneno hayo asubuhi, mwenzenu Mwanasiti alipokuwa akifunga begi lake la safari ya masomo Kigali, nanyi mkacheka mkidhani ni methali ya wazee wa zamani. Si ya zamani. Umri wake ni mdogo kuliko wa Mwanasiti, na aliyeitamka kwanza hakuwa hata mtu wa Mombasa. Mmeniuliza imetoka wapi. Ilizaliwa katika safari ya ndugu yangu Sudi, alipokwenda Jinja kuposa.

Sudi mnamjua. Homa ilimwondolea masikio akiwa mdogo, kabla hajajua kusema vizuri, na tangu hapo mimi dada yake ndimi niliyekuwa ulimi wake. Sokoni, hospitalini, kwa mwalimu wa madrasa, yeye alisema kwa mikono na mimi nikasema kwa kinywa. Shule ya viziwi ilimfundisha kusoma na kuandika Kiingereza, lakini Kiswahili chake cha maandishi kilibaki cha kuokoteza. Alipokua akawa fundi wa makochi kule Majengo, fundi hodari, na watu wakazoea kumwonyesha kitambaa na kumwachia kazi.

Kisha akaenda Nairobi kwenye michezo ya viziwi, akarudi si yule. Alikuwa amekutana na msichana wa Uganda, Zulaika Nakayiza, kiziwi kama yeye, ambaye alikuwa akifundisha wasichana wenzake kushona nguo. Tangu siku ile simu haikumtoka mkononi. Alikuwa akiiegemeza kwenye chupa ya gundi pale karakana, akapiga video, akashona kidogo, akaongea kidogo. Ishara za kwetu na za Uganda hazifanani zote, lakini wapendanao hawashindwi na kamusi.

Ilipofika siku za kupeleka posa, mimi nilikuwa kitandani, mguu umefungwa plasta. Tukakubaliana hivi: Mjomba Famau aende na Sudi kama mzee wa nyumba, na mimi niwe nao kwa simu. Babake msichana, Haji Kiggundu, alikuwa dereva wa malori kwa miaka mingi, Kiswahili cha bandarini amekijua vizuri, ila Kiingereza hakisomi. Alikwisha tuma ujumbe kwamba mbali na maneno ya wazee, yeye angependa kumsikia kijana mwenyewe. Basi simu ingewekwa mezani, Sudi aseme kwa mikono mbele yake, na mimi nimfasirie Haji kutoka Mombasa. Tulilijaribu jambo hilo nyumbani mara kwa mara, likaenda sawa.

Walipovuka mpaka wa Busia, simu ya Sudi ilitetemeka. Ujumbe ulimkaribisha Uganda na kumwambia kwamba bando lake la nyumbani litaendelea kufanya kazi kule vilevile. Chini yake kulikuwa na mistari mingine. Sudi alisoma ule wa juu, akafurahi, akaitia simu mfukoni.

Walifika Jinja wakakuta Haji amekwenda mazikoni kijijini, hivyo wakapanga chumba cha wageni wakamngoja. Na katika kungoja huko Sudi alimwonyesha kila mtu Uganda. Aliwapigia video wenzake wa Majengo akawaonyesha mto Naili unavyotoka ziwani. Aliwaonyesha daraja, ndizi zinazobebwa kwenye baiskeli, hata rolex inavyokunjwa, chapati na mayai. Mchana kutwa picha zilikuwa zikienda na kurudi. Msimwone mpotevu. Mimi na nyinyi tukitaka kuongea tunapiga simu ya kawaida, na sauti ni kitu chepesi. Kiziwi hana sauti ya kutuma. Salamu yake ni picha, mzaha wake ni picha, na picha hula bando kama moto ulao makuti. Ujumbe wa pili ulipomjia kumwonya kwamba anakaribia kikomo, alikuwa katikati ya kicheko na rafiki zake, akauondoa kwa kidole.

Siku ya posa ikafika. Walivaa kanzu, wakapokewa vizuri, wakakaribishwa sebuleni. Simu ikaegemezwa kwenye birika la chai. Nikawaona wote: Haji na ndevu zake nyeupe, Mjomba Famau ameketi kama kadhi, Sudi jasho linamtoka. Mjomba akatoa maneno ya posa, maneno mazuri ya kwetu, na Haji akayapokea. Kisha Haji akageuka akaitazama simu.

"Binti Mombasa," akaniambia, "mwulize nduguyo. Zulaika ana kazi yake, na kazi ile ndiyo iliyompa heshima mjini hapa. Akimchukua, ataiendeleza, au atamweka ndani?"

Nikamfasiria Sudi. Nikaona uso wake unafunguka, kwa kuwa hilo ndilo swali alilokuwa akilitamani. Akainua mikono yote miwili. Hapo picha ikasimama. Mikono ilibaki hewani, neno halijaanza, kisha kioo kikawa cheusi.

Nilipiga tena, na tena. Nikapiga kitochi cha Mjomba, ile simu yake ndogo ya vibonyezo, nikakikuta kimezimwa kwa adabu ya posa. Nikamrushia Sudi salio kutoka huku, likaenda, lakini yeye alikuwa amebonyezabonyeza mbele ya wakwe mpaka akaona haya, akaizima simu na kuiweka chini ya mto wa kochi. Nami nikabaki kitandani na mguu wangu, sijui kinachosemwa. Yaliyofuata niliyapata baadaye kwa mikono ya Sudi, na mengine kwa Mjomba mwenyewe, ambaye hakuyatoa kwa urahisi.

Haji alingoja. Sudi alimgeukia Mjomba akajaribu kumweleza, lakini Mjomba alizijua ishara za njoo, kula na lala tu. Alipoona Haji bado anangoja, akafanya alivyozoea kufanya Mombasa kila Sudi alipotakiwa jibu na mimi sipo. Akajibu yeye.

"Haji, usiwe na shaka. Kwetu mwanamke hataabiki. Atakaa ndani astarehe, kila kitu ataletewa mlangoni. Kazi ataiacha hukuhuku."

"Kijana ndivyo asemavyo?"

"Mimi ni mjomba wake. Neno langu ndilo neno lake."

Haji akamtazama Sudi, ambaye alikuwa akiitazama midomo yao bila kupata kitu. "Basi," akasema, "neno lenu nimelisikia." Akainuka kwenda kutia udhu, maana adhuhuri ilikuwa imeingia. Sudi hakulijua lililosemwa, lakini mgongo wa mtu aliyekasirika hauhitaji masikio. Aliniambia kwamba wakati wa sala moyo wake ulikuwa umeshaanza safari ya kurudi.

Sasa, nyuma ya pazia alikuwapo mama yake Zulaika, Hajati Aisa, na yeye alikuwa amesikia kila neno. Kiswahili hakukisema sana ila alikielewa, maana wateja wake wa vitenge walitoka Busia. Alikwenda chumbani akamweleza binti yake kwa mikono, na jibu alilorudishiwa lilikuwa kali: maneno hayo si ya Sudi. Wanaume walipotoka msikitini wakamkuta sebuleni, ameketi mkekani na gomesi lake, lile vazi la kina mama wa Uganda, mkabala na Sudi.

"Kuna nini?" Haji akauliza.

"Ulitaka kumsikia kijana," akamjibu. "Hujamsikia bado. Umemsikia mjomba."

Akainua mikono yake akamwuliza Sudi swali lilelile. Alikwenda taratibu. Ishara ya kazi ya Uganda Sudi hakuikumbuka, ndipo Hajati akashika kitambaa cha hewani na kukipitisha chini ya sindano ya hewani. Sudi akaelewa. Akajibu polepole, na kila asipoeleweka alirudia kwa njia nyingine, na Hajati akawa anayatoa maneno moja moja, kama mtu anayechambua mchele.

"Anasema, yeye anashona viti na Zulaika anashona nguo. Anasema, nyumba yao itakuwa na cherehani mbili."

Sudi akaendelea. Hajati alitazama mpaka mwisho, ndipo akafasiri.

"Anasema, alipokuwa mtoto walimfungia ndani wageni walipokuja, kwa sababu ya masikio yake. Anajua ndani kulivyo. Hawezi kumfungia mtu."

Mjomba Famau aliinamisha kichwa. Nyumba iliyokuwa ikimfungia Sudi ilikuwa yake.

Lakini Haji hakumtazama Mjomba. Alikuwa akiitazama mikono ya mkewe. "Umejifunza lini mambo haya?" akamwuliza.

"Tangu mtoto alipokuwa akinivuta gomesi anataka maji na hajui kusema maji. Wewe ulikuwa barabarani."

"Na baada ya kuacha barabara, mbona mimi sikujifunza?"

Haji akaketi. Sudi aliniambia kwamba mzee yule alionekana ghafla kama mgeni katika sebule yake mwenyewe, hajui mikono aiweke wapi.

Alipozungumza tena, aliuliza habari ya simu. Mjomba, ambaye alikuwa akitafuta mahali pa kuutupia mzigo wake, akadakia: "Kampuni za simu ni wezi, Haji! Bando tumelipia kamili, tumeahidiwa litafanya kazi huku kama kwetu, mara limekatika!"

Hajati akamfasiria Sudi. Sudi akaitoa simu chini ya mto, akaiwasha, akautafuta ule ujumbe wa mpakani, na safari hii akausoma mpaka mwisho. Kisha akatikisa kichwa.

"Anasema si wezi," Hajati akafasiri. "Waliandika. Bando la nyumbani linafanya kazi huku, lakini kwa kiasi. Mnara anaotumia hapa si wa kampuni ya kwao, ni wa kampuni ya hapa, na ile ya kwao huulipia mnara huu kila anapoutumia. Kwa hiyo wameweka kikomo. Wamesema ni ruhusa ya msafiri, si ya mtu anayeishi huku. Na walimwonya kabla ya kukata. Hakusoma hadi chini."

Haji akafikiri, kisha akacheka kicheko kidogo cha mtu aliyekumbuka kitu.

"Nilipokuwa nikiendesha lori," akasema, "nilikuwa nikilala Mariakani kwa rafiki yangu. Kila nikifika alinipa maji ya kuoga, bure. Ndoo moja. Mara ya kwanza nilinung'unika, maana hapa kwangu naoga nitakavyo, ziwa lile pale. Asubuhi nikamwona anayanunua maji kwa mwenye punda. Nikajua kumbe ndoo ile ilikuwa ukarimu mkubwa." Akamgeukia Mjomba. "Cha kwenu, kwa watu hupimwa, Bwana Famau. Si simu peke yake. Kwenu neno la mjomba hupita bila kuulizwa. Umelileta hapa, nami nimelipima."

Mjomba Famau si mtu wa kukubali kosa, mnamjua. Lakini safari hii akasema, "Limepungua, Haji. Mchukulie kijana kwa la kwake."

"Na mimi langu limepungua," Haji akasema. "Limepungua hapahapa kwangu."

Siku ile hakutoa jibu. Aliwaambia warudi baada ya Ramadhani. Wakarudi, na mimi nikiwa nao, nikitembelea mkongojo. Nilijiandaa kufasiri, lakini Haji alinizuia kwa kiganja. Akamgeukia Sudi, akainua vidole vyake vinene vilivyozoea usukani, akamwuliza mwenyewe kwa ishara. Alitaka kusema, "Utamtunza binti yangu?" Kumbe amesema, "Utampika binti yangu?" Zulaika, aliyekuwa mlangoni, alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaja akaketi karibu na baba yake, akavishika vile vidole akaviweka sawa, na Haji akaliuliza swali upya huku machozi yakimtoka na wala hayafuti. Sudi akajibu kwa ishara moja tu, na ile haikuhitaji mfasiri.

Cherehani mbili mmeziona wenyewe pale Majengo.

Basi wewe Mwanasiti, ukivuka mpaka na simu ikakukaribisha, usisome karibu ukaacha mengine. Tazama umepewa kiasi gani, na kwa muda gani. Tena wewe huendi kupita, unakwenda kuishi na kusoma. Ruhusa ya mpita njia haitakutosha, tafuta laini ya hukohuko. Na hilo la simu ndilo jepesi. Utafika na mazoea yako, na ukali wako, na haki zako ambazo hapa nyumbani hakuna anayekuuliza. Kule utaulizwa, usikasirike. Aliyekupa ndoo moja pengine ameinunua. Na atakayelipima neno lako huenda analipima ili akusikie wewe, si mjomba wako.

Mkimsikia tena Mjomba Famau akiisema, msimcheke. Yeye aliipata mbele ya wakwe, simu imezimika na neno lake limerudishwa. Cha kwenu, kwa watu hupimwa.