Mtungi wa Bibi Milembe na Miche ya Mpungate

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa, nawaambia! Wa nyuma sijawasikia.

Pakawa!

Hapo zamani za kale, zamani ambayo hata waliotusimulia walisimuliwa tu, palikuwa na kijiji katika nchi kavu. Mvua ilifika kwao kama mgeni mwenye haraka. Haketi, hali, anaaga. Kwa hiyo watu wa kijiji hicho waliyaheshimu maji, na walikuwa na desturi yao. Mtu akipita penye mche mchanga, uwe wake au wa mwenzake, sharti aumwagie maji. Hata kama ni funda moja lililobaki kibuyuni. Chwaa! Ndipo apite. Aliyepita bila kumwaga aliitwa Mkono Mkavu, na jina hilo alizikwa nalo.

Kijiji kilizungushiwa ua wa miiba mikavu. Mwaka mmoja moto wa nyika ukaja, ukaula ua wote. Fisi wakaiona njia. Wakaanza na nyumba ya mwisho.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Ngolo, mjane mwenye watoto watatu. Alikuwa na mbuzi wanane. Wakabaki watano. Wakabaki wawili.

Mkuu wa kijiji, Mzee Lugembe, akaita watu.

"Ngolo mwanangu," akasema, "nyumba yako imekuwa mlango wa fisi. Leo mbuzi, kesho mtoto. Tuibomoe, uhamie kwa shemeji yako."

Shemeji yake, Shigela, akajikuna kichwa. "Karibu, shemeji. Ila kwangu tunalala tisa, na mbwa ni wa kumi."

Watu wakacheka. Ngolo hakucheka. Nyumba ile aliikandika yeye na marehemu mumewe, kwa mikono yao minne.

Palikuwa na kikongwe aitwaye Bibi Milembe. Aliletwa kijijini akiwa bibi arusi, kutoka nchi ya mawe iliyo nyuma ya vilima. Alikuwa hasemi sana. Siku hiyo alisema.

"Ua mkavu ni chakula cha moto na mchwa. Kwetu tulipanda mpungate."

"Mpungate ndio nini, Bibi?"

"Ni mmea usio na majani. Mwili wake ni maji, ngozi yake ni miiba. Fisi akiugusa mara moja, atawasimulia wajukuu."

Alikuwa ameotesha mbegu zake mwenyewe, nyuma ya nyumba yake, mahali pasipopita mtu. Miche mia mbili katika vyungu vilivyovunjika, kila mmoja urefu wa kidole. Akampa Ngolo yote, aipande upande wa fisi.

Mzee Lugembe akaitazama. "Midogo hii?"

"Hata wewe ulikuwa mdogo, nami nilikuona," akasema Bibi Milembe.

"Haya. Mpaka mavuno ya mtama. Ikishika mizizi, vijana watakata miiba ya kuikinga mpaka ikue. Isiposhika, tunabomoa nyumba."

Ngolo akapanda. Bibi Milembe hakumwambia neno zaidi. Kwao alikozaliwa namna ya kuutunza mmea huo ilijulikana na kila mtoto, hakudhani inahitaji kusemwa.

Sasa sikilizeni. Njia ya kisimani ilipita hapo hapo kwa Ngolo. Asubuhi akapita mama mwenye mtungi. Chwaa! Akapita mzee mwenye kibuyu. Chwaa! Wakapita wasichana saba, mmoja nyuma ya mwenzake. Chwaa, chwaa, chwaa, mpaka saba. Shigela, ambaye hakutaka watu kumi na watatu nyumbani mwake, alikuja na ndoo ya ngozi, asubuhi na jioni. Chwaaaa!

Wote walimwaga kwa moyo mweupe.

Siku ya kumi miche ikawa ya njano. Siku ya kumi na mbili ikalegea shingoni, pale mche unapokutana na udongo. Mmoja ukaanguka. Pu! Wa pili ukaanguka. Pu!

"Ni kiu hiyo," wakasema watu. "Tazama inavyozimia." Wakaongeza maji. Chwaa!

Pu! Pu! Pu!

Ilipobaki miche sitini imesimama, Ngolo akakimbia kwa Bibi Milembe.

"Bibi, miche inakufa kwa kiu, na nimeinywesha mpaka mgongo umekataa kunyooka!"

Bibi Milembe akaja polepole. Akachomeka kidole ardhini. Akakinusa.

"Mbona pananuka kama kisima cha vyura?" akauliza. "Mjukuu wangu, miche hii haina kiu. Imezama. Kosa ni langu, nilikupa mmea bila kukupa habari zake. Niletee kisu, majivu na ungo."

Akang'oa mche. Chini ulikuwa mweusi, laini kama ndizi iliyosahauliwa. Akakata. Kwa! Ndani palikuwa na doa la kahawia. Akapangusa kisu kwa majivu, akakata tena juu yake. Kwa! Doa bado lipo, dogo. Akapangusa, akakata tena. Kwa! Sasa nyama ilikuwa safi, ya kijani na nyeupe. Akaupaka majivu pale kwenye kidonda, akaulaza kwenye ungo.

"Kwa nini unapangusa kisu kila mara, Bibi?"

"Kisu kilichogusa uozo hubeba uozo. Hata ulimi uko hivyo hivyo."

Wakakata yote sitini. Mingine ilibaki mifupi kama kidole gumba. Bibi Milembe akauweka ungo kivulini, penye upepo.

"Siku saba," akasema. "Bila tone. Kidonda kifunge kwanza."

Habari ikaenea. Watu wakaja, wakasimama, wakashika viuno.

"Bibi ameikata miguu, sasa anaianika kama dagaa!"

"Huko kwao ni nchi ya mawe, hata mioyo ni mawe!"

"Mkono Mkavu!" akasema mmoja kwa nyuma.

Bibi Milembe akasikia. Akajua pia kwamba hawezi kuwakataza watu desturi ya baba zao. Akaenda nyumbani, akarudi na mtungi mkubwa, akauweka kando ya njia, akaketi.

Akapita mama mwenye maji.

"Umebeba tone la mche?" akauliza Bibi Milembe.

"Nimebeba, Bibi."

"Ahsante, mwanangu. Mche umelala. Mimina humu. Ukiamka, nitaunywesha kwa jina lako."

Mama akamimina mtungini. Chwaa! Akaenda zake, moyo umetulia. Akapita mzee. Mtungini. Chwaa! Wakapita wasichana saba. Mtungini. Shigela akafika na ndoo yake, akaguna, naye mtungini. Mbuzi wawili wa Ngolo wakanywa humo na hakuna aliyeuliza.

Siku ya tano Ngolo akatazama ungo. Miche ilikuwa imekunjamana kama ngozi ya kiwiko. Akawaza nyumba yake. Akawaza watoto wake wamelala miguuni pa mbwa wa Shigela. Bibi alipokwenda kula, Ngolo akachukua mche mmoja, akauchomeka ardhini, akaumwagia funda moja. Chwaa. Kidogo tu.

Siku ya saba ule mche mmoja ukaanguka. Pu.

Ngolo akapiga magoti. "Bibi, nimeuua mimi. Niliuonea huruma."

"Inuka," akasema Bibi Milembe. "Huo usiutupe. Uache pale njiani, kila apitaye auone."

Ikabaki miche hamsini na tisa. Vidonda vyake vilikuwa vikavu, vimefunga ngozi ngumu. Wakaipanda katika mchanga, changarawe na vigae vya vyungu vilivyopondwa. Hawakumwaga maji. Kila siku Ngolo aliuvuta mche mmoja kidogo, kwa ncha za vidole. Ulikuja mkononi. Kesho yake, ulikuja. Siku ya ishirini akauvuta, ukakataa.

"Bibi! Umekataa!"

"Basi umeamka. Upe funda moja, kisha uuache mpaka udongo ukauke kabisa."

Mtama ukavunwa. Mzee Lugembe akaja na watu wake, na majembe ya kubomolea. Akainama. Akaushika mche wa kwanza, akauvuta kwa nguvu.

"Aa!"

Akakitazama kidole chake. Miiba minne.

"Umeshika?" akauliza Shigela.

"Kiulize kidole hiki," akasema Mzee Lugembe. "Vijana, wekeni majembe. Nendeni mkakate miiba ya kukinga."

Shigela alicheka kuliko wote.

Miaka ikapita. Mpungate ukakua, wakakata vipande vyake, wakavianika siku saba, wakavipanda mpaka ua ukakizunguka kijiji kizima. Nyumba ya Ngolo ikabaki ya mwisho, na milango yake haikuguswa na fisi.

Bibi Milembe akafa kwa uzee wake. Walipomaliza kumzika, watu wakaja na vibuyu, kila mtu na funda lake, wamwagie kaburi, maana hawakujua njia nyingine ya kumpenda. Ngolo alikuwa ameketi kando ya njia. Mbele yake palikuwa na ule mtungi.

"Bibi amelala," akasema. "Mimineni humu."

Wakamimina, mmoja mmoja, mpaka mtungi ukajaa.

Ndiyo maana wazee husema: huruma isiyouliza huozesha inachokipenda. Kabla hujamwaga, chomeka kidole.

Nami hadithi yangu naikata hapa. Ilazeni kivulini, kidonda kifunge, ndipo mkaipande kwenu.