Zimwi Lililonenepa kwa Hongera

Ngano hii aliitoa kwanza bibi yetu Mize, jioni mama yangu mdogo alipotimiza arobaini ya uzazi. Sikilizeni.

Kazija alijifungua, na zimwi likaja kumkalia kifuani. Aliliona yeye peke yake. Hakula, hakulala, na alimwona mwanawe kama mtoto wa jirani.

Akaja mama mkwe: "Hongera!" Zimwi likanenepa. Akaja wifi: "Hongera, umetuletea dume!" Likanenepa zaidi, likanong'ona: "Ukisema, watakuita mama mbaya." Kazija akakosa pumzi.

Akaja shoga yake Bimkubwa na uji wa pilipili manga. Hakumtazama mtoto kwanza.

"Pole, shoga. Wewe je?"

Kazija akalia. "Simpendi mwanangu. Nina zimwi."

"Lile zee? Hata mimi lilinikalia! Nipe mtoto, wewe unywe, ulale."

Zimwi likapungua kidogo tu. Bimkubwa akarudi kila asubuhi na pole yake, mpaka likawa kama panya, likatoka. Kazija akamnusa mwanawe utosini, akacheka.

Bibi Mize ameshafariki. Bimkubwa yu hai, Kazija na mwanawe wa hai. Zimwi nalo li hai, basi mkienda kwa mzazi, tangulizeni pole.