Udongo wa Kwanza wa Mama Mbonea

Haya, sogeeni, na mwenye usingizi akalale mapema, maana nikimaliza nitawauliza na sitaki mtu aniangalie tu. Palikuwa na wanawake watatu huko Upareni. Namsifu alikuwa na macho yasiyopitwa na kitu. Elinaja alikuwa muuguzi mwenye elimu yake. Nakunda hakuwa na lolote ila moyo wa kuvumilia.

Dada yake Namsifu, Mama Mbonea, alipata saratani ya titi. Matibabu aliyaanza vizuri, kisha siku moja akageukia ukutani. Hali, hasemi, dawa hataki. "Niacheni nife." Watu wakasema anasusa! Wazee wa kanisa wakaja kumkanya kwamba imani imempungua. Kumkanya mgonjwa, jamani! Akazidi kuzama.

Namsifu hakumkanya. Alitia alama kwenye kalenda kila siku, akagundua jambo: kidonda cha titi kikivimba na homa ikipanda, dada yake anageukia ukutani. Kikitulia, anaulizia kuku wake.

Elinaja akaipeleka kalenda ile kwa daktari, akarudi na maelezo. "Huyu hasusi. Mwili ukiwaka kwa ndani, moto huo unaweza kufika mpaka kichwani, ukazima hamu ya kula, usingizi, hata furaha. Ni sonona, na inatibika." Akaleta dawa za kidonda na za sonona.

Sasa nani wa kummezesha? Ni Nakunda, mke wa mwanawe Mbonea. Alitemewa vidonge usoni, akatukanwa yeye na ukoo wake mzima. "Sawa mama, nitukane, ila meza." Wiki sita alikwenda hivyo, uji kijiko kwa kijiko.

Mama Mbonea akarudi. Akala, akacheka, akapatana na mumewe, maana hata yeye alikuwa hamsemeshi. Lakini saratani yenyewe haikumwacha, na mwaka uliofuata ilimuua. Siku zake za mwisho alisema, "Mimi nilishakufa nikiwa hai. Najua udongo wa kwanza kaburini ni wa mume, lakini wangu autupe yule aliyenirudisha." Akakata roho bila kutaja jina.

Makaburini wanawake wale wakainama wote watatu kuchota udongo.

"Nisingeona mimi, mngemkanya mpaka leo," akasema Namsifu.

"Ungemtibu kwa kalenda, dada?" akauliza Elinaja.

Nakunda alikuwa analia tu, udongo umeshamjaa mkononi.

Jeneza liko chini, mchungaji anasubiri, na mume amerudi nyuma hatua moja. Haya, wewe uliyekaa hapo, ungesema nani atupe?