Chupa Husifu, Shamba Huhukumu

Chupa husifu, shamba huhukumu. Jumamosi iliyopita, posa ya dada yenu Koku ilipoletwa, mlimsikia mzee Ta Byabato akiyasema maneno hayo baada ya mshenga kumaliza kutusomea vyeti vya yule kijana anayemposa, kimoja baada ya kingine. Wazee walicheka, ninyi mkatazamana, na tangu siku hiyo mnaniuliza msemo huo umetoka wapi. Si wa kale, wajukuu zangu. Wengi waliokuwapo wangali hai. Sogeeni niwaeleze ulivyozaliwa.

Miaka ile mnyauko uliingia Kyamulembe. Wiki hii mgomba umesimama vizuri, wiki ijayo majani yamelegea kama nguo iliyoloa, na ndizi zinaiva kabla ya wakati wake huku ndani zimeoza. Dawa haikuwapo. Maofisa wa kilimo walikuja wakasema ng'oeni yote, na watu wakang'oa. Mtu wa kwetu akipotewa na kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba yake, hapotewi na chakula tu. Makaburi ya watu wake yamo humo, na kivuli cha nyumba yake kimo humo. Nyumba zilibaki zimesimama juani kama mtu aliyevuliwa nguo mbele za watu.

Ndipo watu watatu waliosoma pamoja chuoni wakafungua kampuni ya kuzalisha miche ya migomba katika maabara. Waliiita Mizizi Mipya. Projestus alikuwa mkurugenzi. Baba yake alifariki mwaka uleule kibanja chao kilipong'olewa, na hakuweza kumpita mzee anayeng'oa migomba bila kuteremka garini kumsaidia. Novatus alikuwa mkuu wa masoko, mcheshi, mtu aliyejua jina la kila mkulima na la mbuzi wake. Mkuu wa maabara alikuwa Adventina. Huyu hakuwa msemaji. Wafanyakazi walimpenda kwa kuwa mama mwenye mtoto mchanga akihitaji kwenda kunyonyesha, Adventina mwenyewe alikaa kwenye kiti chake na kuendeleza kazi mpaka arudi.

Kazi yao ilikuwa hivi. Walichukua chipukizi la mgomba mzima, wakalimenya mpaka kwenye kiini kidogo kama ncha ya kidole, wakakiweka katika chupa yenye chakula kilichoganda kama uji uliolala. Baada ya wiki kadhaa kiini kile huzaa vichipukizi. Vichipukizi hivyo hukatwa, kila kimoja hupewa chupa yake, navyo huzaa tena. Mgomba mmoja huweza kuzaa maelfu. Lakini kazi hiyo ina mpaka wake. Ukikata mara nyingi mno, mimea huanza kumsahau mama yake. Mingine hudumaa, mingine huzaa mkungu uliopinda usiofaa kuliwa. Kwa hiyo Adventina alikuwa ameweka utaratibu. Kila chupa ilibandikwa karatasi yenye jina la mgomba mama, na kila mche ulipokatwa, mstari mmoja ulichorwa chini ya jina hilo. Mistari ikitimia minane, basi. Watu wanarudi shambani kutafuta chipukizi jipya.

Mwaka wa tatu, kaya themanini na tatu zilikuwa zimejiandikisha kupata miche kabla ya mvua za vuli. Mwezi Machi ukungu ukaingia katika chupa za uzao mpya, zikatupwa zote. Zilizosalia zilikuwa chupa za uzao wa zamani, na kila moja ilikuwa na mistari minane.

Viongozi wale watatu walikaa mezani. Projestus alichukua chupa moja akainyanyua mbele ya dirisha. Mche ulikuwa wa kijani kibichi, umenyooka, mizizi yake myeupe kama uzi mpya. Aliwauliza wenzake mche kama huo una kosa gani. Aliwakumbusha wazee waliomaliza mwaka wakila mihogo ya kununua, na sauti yake ilitetemeka, kwa maana hakuwa akidanganya. Novatus aliipokea chupa, akaigeuzageuza, akasema mche huu ungekuwa binti angempelekea posa. Walicheka. Adventina alisema mara moja tu, kwa sauti ya chini, kwamba macho hayawezi kuona kilichopotea ndani. Hakuna aliyembishia. Waliendelea tu kuisifia ile chupa, ikazunguka meza, na ilipomfikia yeye, naye akaona ni nzuri.

Walikata mara nne zaidi. Kuhusu mstari wa tisa, Novatus alisema kwa utani kwamba utawapa watu maswali bure. Adventina aliishika kalamu, akaiweka chini. Mistari ikabaki minane.

Vuli ilipoanza, miche ilipelekwa vijijini, watu wakaipokea kwa vigelegele. Arobaini ilipandwa nyuma ya ofisi ili itazamwe inavyokua.

Mwezi Februari Adventina alipita katika miche ile arobaini akasimama. Tisa ilikuwa imedumaa. Majani yake yalikuwa yamebanana juu ya shina kama vidole vya ngumi. Alirudia kuhesabu, akapata tisa tena. Kama hapa ni tisa katika arobaini, kwa wakulima ni mamia. Na masika yalikuwa yakikaribia. Mkulima akijulishwa sasa, atang'oa na kupanda upya mvua ikianza. Asipojulishwa, atauhudumia mgomba ule mwaka mzima na zaidi akisubiri mkungu usiokuja.

Aliwaeleza wenzake. Projestus alishika kichwa. Mwezi Aprili walikuwa wakitarajia wageni kutoka Dar es Salaam, wale waliokuwa wakiitegemeza kampuni kwa fedha, waje waamue kama wataendelea. Aliomba wasubiri wageni waondoke kwanza. Novatus alisema vuli ile ilichelewa, kwa hiyo wakulima wenyewe wataisingizia mvua, na kampuni haitakuwa imesema uongo wowote. Adventina aliwajibu kwamba wageni watakapoondoka, masika yatakuwa yamefika katikati. Mwishowe walikubaliana kwenda kutazama shamba moja kabla ya kuamua. Walichagua kwa Ma Leokadia, mjane wa Kyamulembe, kwa kuwa alikuwa na mkono mzuri wa kilimo na hakuwahi kuwasema vibaya.

Ma Leokadia aliwapokea kwa furaha. Aliwaletea kahawa ya kutafuna katika kijikapu, akamwuliza Projestus habari za mama yake, akamtania Novatus kwamba amenenepa, bila shaka anakula miche badala ya kuiuza. Adventina aliona kitu kimoja alipoingia ndani. Sakafu ya nyumba ile haikuwa na nyasi. Nanyi mnajua nyumba ya mama wa kwetu hutandikwa nyasi, na mgeni huzikanyaga kabla hajakaa. Pale palikuwa na udongo mtupu.

Walipoomba kuona kibanja, furaha ya yule mama ilipungua. Alitangulia polepole, akiburuta mguu wake wa kulia ulioumia nyonga, mpaka lilipo kaburi la mumewe. Kulizunguka alikuwa amepanda miche kumi na miwili, ile aliyoiona mizuri kuliko yote siku ya kuipokea. Saba ilikuwa mifupi, imejikunja. Chini ya kila mmoja palikuwa na nyasi nene zilizotandazwa kwa uangalifu. Adventina akazitambua. Zilikuwa nyasi za sakafuni.

"Msinihesabie vibaya, wanangu," alisema Ma Leokadia. "Mlinipa miche mizuri, mimi nimeiharibu. Nimeichotea maji kila asubuhi kutoka bondeni. Nimeipa na nyasi za nyumbani. Nadhani mikono yangu imezeeka. Nilitaka kuja ofisini kuomba radhi, nikaona haya."

Novatus alikohoa. "Mama, unajua vuli ile ilichelewa sana..."

Alimtazama Projestus, na Projestus alikuwa akilitazama kaburi.

Kutoka nyumbani kwa Ma Leokadia mpaka bondeni ni mteremko ambao hata ninyi wenye miguu mizima hupumzika mara mbili mkiupanda na ndoo. Adventina alikuwa ameupita na gari asubuhi ile. Alifikiri juu ya ile nyonga, na ile ndoo, na asubuhi zote zile tangu Oktoba. Akapiga magoti udongoni.

"Si mikono yako, mama," alisema. "Ni yangu. Miche hii ilipaswa kukatwa mara nane. Mimi niliikata mara kumi na mbili, na katika karatasi nikaacha mistari minane. Nilijua."

"Tulijua sote," Projestus alisema. "Mimi ndiye niliyetaka iwe hivyo."

Ma Leokadia alikaa juu ya ukingo wa kaburi. Kijikapu cha kahawa kilikuwa bado mkononi mwake.

"Kwa hiyo si mikono yangu."

"Si mikono yako."

"Huko ndani ya chupa ilikuwaje?"

"Ilikuwa mizuri, mama," Adventina alijibu. "Tuliiinua dirishani, tukaisifia, sote watatu."

Mama yule alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa mahali alipodondosha kitu. "Basi chupa ilisifu," alisema, "na shamba limehukumu." Kisha akawatazama mmoja mmoja, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mnazo kaya themanini na tatu. Niambieni, wangapi leo wanalaumu mikono yao?"

Aliinuka akaingia ndani, wala hakuwasindikiza. Mwenyeji wa kwetu kuacha kumsindikiza mgeni si jambo dogo. Walitembea peke yao mpaka kwenye gari, na safari nzima ya kurudi Novatus hakutoa utani hata mmoja.

Hawakufanya kikao tena. Kesho yake asubuhi walianza nyumba ya kwanza, wakaenda mlango hadi mlango mpaka wa themanini na tatu, wote watatu, kwa sababu Projestus alikataa kumtuma mtu. Kila mahali Adventina alisema maneno yaleyale: "Si mikono yenu." Wako waliolia. Mzee mmoja alimfukuza Novatus kwa fimbo, na Novatus hakukimbia mbali. Alisubiri barabarani mpaka mzee akachoka, akarudi akaomba radhi upya. Mama mmoja alisema alikuwa amemchapa mtoto wake kwa kudhani alisahau kumwagilia. Neno hilo Adventina hakulisahau maisha yake yote.

Maabara haikuweza kutoa miche mipya ya kutosha kwa wakati. Walikwenda katika vijiji vya mlimani ambako mnyauko haukufika, wakaomba machipukizi, na watu wa huko wakatoa. Kuna kikongwe aliyetoa kumi na manne, akabakiza mawili, na alipoulizwa alisema hao nao ni watu. Machipukizi yale yalipimwa ugonjwa, yakagawanywa, na masika yalipoanza kila shamba lilikuwa na cha kupanda, ingawa si kwa wingi walioutarajia.

Wageni wa Dar es Salaam waliandikiwa ukweli wote. Hawakuja. Kampuni ilipungua ikabaki vyumba viwili, na wafanyakazi wengi walirudi makwao, jambo lililomuumiza Projestus kuliko yote, maana hao hawakuwa na kosa. Adventina aliachia ukuu wa maabara. Hakuondoka. Msimu mzima alikaa nyuma ya jengo akiosha chupa, na mistari ikachorwa na mwingine.

Kwa Ma Leokadia walikwenda mwishoni kabisa. Waliing'oa ile miche saba kwa mikono yao wenyewe, kwa uangalifu kwa sababu ya kaburi, wakapanda machipukizi ya mlimani. Novatus alikuwa amebeba mzigo mkubwa wa nyasi kichwani. Alizipeleka ndani, akainama, akaanza kuzitandaza sakafuni, vibaya, kama afanyavyo mwanamume ambaye hajawahi kuifanya kazi hiyo. Ma Leokadia akapiga magoti kando yake akamwonyesha namna ya kulaza ncha zote upande mmoja.

Walipoaga, alichukua kitenge chake akajifunga. Alitembea nao na ile nyonga yake mpaka barabarani, akasimama pale hadi gari lilipopotea kwenye kona.

Mizizi Mipya ipo mpaka leo, ndogo tu. Hawauzi uzao wowote kabla miche yake haijasimama miezi minne katika udongo wa Kyamulembe, na wakiwa mezani mmoja akianza kusifia chupa, wenzake humtajia maneno ya yule mama. Wakulima waliyachukua, wakayapeleka sokoni, na kutoka sokoni yakaenda kila mahali.

Kwa hiyo msidhani kwamba Ta Byabato alimtukana yule kijana. Yeye alikuwa mmoja wa wale themanini na watatu. Aliilaumu mikono yake miezi minne. Alisikia vyeti vikisifiwa, naye akaomba tu kwamba tungoje tumwone akiishi na Koku siku ya njaa na siku ya ugonjwa. Na siku mtakapokuwa ninyi mnaoinua chupa dirishani, watu wote wakiisifia, mkumbukeni mama aliyetoa nyasi za sakafu yake.

Chupa husifu, shamba huhukumu.