Kaa la Moto la Nyamvula

Paukwa!
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa kijiji, na mvua, na chui.
Basi sogeeni, mwenye mtoto ampakate.

Hapo kale walikuwapo wajane wawili majirani, Kache na Nyamvula. Kijijini kwao jirani akiomba kaa la moto hanyimwi, maana moto ndio uliomzuia chui kuingia nyumbani.

Masika yakaja, moto wa Nyamvula ukazimika. Akaenda kwa Kache kuomba kaa. Kache alikuwa na moto tele, ila aliona uvivu kuinuka, akasema hana. Jioni ile chui akaingia kwa Nyamvula, akamchukua binti yake. Kilichopatikana ni kikuku cha mguuni tu.

Nyamvula alilia, akakizika kile kikuku, akanyamaza. Jamani, kimya kile kilimtesa Kache kuliko matusi. Naye alikuwa na mwana mmoja, Mwero, ndiyo kwanza anatambaa. Akajua tendo lake litamrudi kwa mwana huyo. Akawa hali, halali.

Nyamvula akaleta boga. Kache akalipokea, akalitupa, akihofia sumu. Nyamvula akaleta maji ya kisimani. Kache akayapokea, akayamwaga. Mnacheka? Nyinyi mngeyanywa?

Mvua ikazidi, moto wa Kache nao ukafa. Magharibi akamwona Nyamvula anakuja mbio na kigae chenye kaa jekundu, amelikinga kwa kanga. Kache akasema moyoni, leo anakuja kutuchoma. Akafunga mlango, akauegemezea kinu.

"Mama Mwero, fungua. Chui yuko nyuma ya nyumba yako. Nimekuletea moto."

"Najua ulichokuja kufanya."

"Fungua, mwenzangu. Mvua inalizima kaa."

"Nenda zako, Nyamvula."

"Basi nipe mtoto nimshike mimi."

Ampe mtoto! Kache akamnyakua mwanawe. Akamweka Mwero mbali na mlango, kule nyuma kabisa, kwenye ukuta wa makuti. Yeye akaukaza mlango kwa mgongo.

Makuti yakapasuka.

Kache alipofungua, Nyamvula alikuwa bado amesimama pale nje, kigae kimejaa maji, analia kama aliyefiwa mara ya pili. Watu wakakusanyika. Wakauliza nani aliyemtuma chui, wasimpate. Wakatafuta jina la kitu kilichoingia mle ndani bila kutumwa na mtu, wakakiita kisasi. Wanaliogopa jina hilo mpaka leo, nami nalitamka kwa kuwa mmetaka ngano.

Ngano yangu imekomea hapo. Iliyo tamu nendeni nayo, iliyo chungu nibakizieni.