Jina Moja kwa Meli ya Matope

Hapo zamani, meli zilipokuwa zikila makaa ya mawe na kutema moshi, kulikuwa na karakana ya meli kando ya mto huko Uholanzi. Mwenyewe aliitwa Teunis. Hakuunda meli za abiria wala za vita. Aliunda meli za kuchota matope bandarini. Wewe huko nyuma, usicheke! Bandari ikijaa matope, meli haziingii, na mji unalala njaa.

Meli hizo zilikuwa na mnyororo mrefu wa ndoo za chuma. Ndoo zinashuka, zinazoa, zinapanda, zinamwaga. Ili mnyororo upite, meli iliachwa na mpasuko katikati. Na karakana ile ilikuwa na mila yake: meli inaondoka bila jina. Jina linachongwa siku inapotoa tope la kwanza huko ng'ambo, na ni jina la mtu ambaye bila yeye tope lile lisingetoka. Kibao kimoja cha shaba, jina moja, basi.

Ikaja oda kutoka Java, kisiwa cha mbali kilichotawaliwa na Waholanzi. Meli ikaundwa. Siku ya kuondoka, fundi mkuu, Gijsbert, akagonga ribiti, zile pini nene za chuma zinazoshika mabati, moja moja kandokando ya mpasuko, akisikiliza mlio wake.

"Ribiti zimelegea. Hii haiendi," akasema.

"Gijsbert, tumeshachelewa!" Teunis akamaka.

"Ikizama itachelewa zaidi."

Akang'oa ribiti mia nne, akapiga nyingine, siku kumi na mbili. Kwa kelele za nyundo, sikio lake la kulia halikusikia tena mpaka anakufa. Kisha akauziba mpasuko kwa mbao, kama ilivyokuwa desturi ya safari, ndoo zikawekwa chini ngamani, tumboni mwa meli, na yeye mwenyewe akapanda, maana ndiye wa kwenda kuzifunga. Teunis akatangulia kwa meli ya abiria.

Nahodha alikuwa Krijn; mkewe, Maartje, alibaki nyumbani. Katika Ghuba ya Biskaya, pwani ya Ufaransa, dhoruba ikawakuta. Mbao mbili zikang'oka, mawimbi yakaingia mpasukoni yakawa yanabamiza kuta. Krijn hakumtuma mtu. Alijifunga kamba akashuka na nyundo. Ubao wa kwanza akaupigilia. Ubao wa pili akaupigilia. Walipovuta kamba, ikaja tupu. Kutoka bandari ya njiani mabaharia wakamwandikia Maartje habari yote.

Meli ikafika Java. Wakubwa wa bandari wakajipanga na kofia zao. Ndoo zikashuka, zikazoa, zikapanda... lo! Hakikumwagika kitu. Waholanzi walizitengeneza ndoo kwa tope la kwao, linaloteleza lenyewe. La pale lilikuwa udongo wa kunata, kama ugali ulioganda sufuriani. Ndoo zikapanda zimejaa, zikashuka zimejaa. Siku tisa hivyo hivyo. Wakubwa wakasema, kesho meli irudi ilikotoka.

Asubuhi ya kumi akaja Sarpin, mhunzi wa pale bandarini.

"Bwana, toboeni ndoo matakoni. Hewa ikipita, udongo utaachia."

Wakatoboa. Udongo ukaanguka, pwaa! Watu wakashangilia, na Teunis akaagiza kibao cha shaba.

Gijsbert akasema, "Kiandikwe jina langu. Bila ribiti zangu meli ingekatika vipande viwili kabla Krijn hajashika nyundo. Nimeacha sikio langu humo."

Sarpin akasema, "Na bila mimi mngezoa nini? Leo mngekuwa njiani mnarudi kwenu. Bwana, bandari hii kila kitu kina jina la mgeni. Nataka wajukuu wangu wasome jina la mtu wa hapa."

"Ulijua dawa tangu siku ya kwanza?" Teunis akamuuliza.

"Nilijua."

"Mbona ulinyamaza?"

"Nani aliniuliza?"

Teunis akatoa mfukoni barua iliyoletwa na meli ya posta, akaisoma kwa sauti. Ilikuwa ya Maartje.

"Bwana Teunis, wenzangu wana makaburi ya kwenda kuyafagia. Mimi sina. Mume wangu alikufa akipigilia mbao alizopigilia mtu mwingine vibaya. Mwandikeni kwenye kibao cha meli, walau pawe na mahali jina lake linaonekana. Sina ombi lingine."

Watu wakamgeukia Gijsbert. Naye akainama.

"Mbao nilizipigilia mimi," akasema. "Ribiti nilizikagua zote. Mbao sikuzikagua."

Lakini kumbukeni, hakuliondoa dai lake. Wala Sarpin hakuliondoa la kwake.

Mchongaji ameshika patasi, anangoja. Nje meli inazoa na kumwaga, inazoa na kumwaga, haina jina. Mimi sina mjomba Uholanzi wala shemeji Java, msinitazame mimi. Aliyeifanya meli isikatike, aliyeshuka na asipande tena, au aliyeifanya imwage? Haya, jina la nani lilistahili kuchongwa? Na mkishamchagua, ni nani kati yenu atakayemwandikia Maartje jibu?